Anayekijua Kizuizi

Katoro,
Jumatatu, 19 Agosti 2024

Kwako Mama Nestory,

Shikamoo Mama. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wote hapo nyumbani Ushirombo. Sisi huku Katoro tupo, vumbi tu ndilo linalotumaliza.

Utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Simu yako ni kitochi chenye maandishi madogo, Mama, na ukipokea ujumbe unampa dada Mageni wa hapo kwako akusomee, na dada Mageni akisoma mtaa mzima unasikia. Kwa hiyo nimeandika, nimeifunga bahasha kwa gundi, nimempa Bujiku wa Fuso la mahindi na kumwapisha asiifungue.

Jana limesomwa tangazo la kwanza la ndoa yangu na Nestory, kwenu na kwetu. Padre akasema kama kawaida: anayekijua kizuizi chochote, amjulishe paroko. Watu wakageuka kunitazama huku wakitabasamu. Mimi nilikuwa nimejifunika mtandio mpaka puani, nikainama.

Mama, kizuizi ninakijua mimi. Naomba uende kwa padre kabla ya Jumapili, umwambie asisome tangazo la pili. Kizuizi chenyewe sitakiandika hapa. Nestory hana kosa hata moja, na sijamwambia. Ng'ombe wenu wa mahari wako salama kwa baba yangu huko Kagongwa, watarudi wote.

Nisamehe. Nilitamani sana siku moja nikuite Mama, bila kuongeza jina la mtu.

Ni mimi,
Limi


Ushirombo,
Alhamisi, 22 Agosti 2024

Limi,

Marahaba. Nilikuwa mzima mpaka barua yako ilipofika.

Nimeisoma mara tatu nikiwa nimesimama, mara ya nne nikakaa chini. Kizuizi gani? Vizuizi vya Kanisa mimi navijua, niliongoza akina mama wa parokia hii miaka sita kabla sijaacha. Una mume mwingine? Una nadhiri za utawa? Ni undugu wa damu? Sisi Wasumbwa na ninyi wa Kagongwa undugu wetu ni wa gulioni tu. Au kuna mwenye duara huko machimboni aliyepata dhahabu akakuahidi nyumba ya bati la rangi? Kama ni hilo liseme wazi, nililie mara moja nimalize.

Na kuna jingine. Nimembana Bujiku, akasema siku hizi unatembea umefunika uso mchana kweupe, hata sokoni. Nestory naye alinilalamikia kwamba tangu Mei kamera ya simu yako imekufa. Watu wameshasema ulijichubua kwa mkorogo ukaungua. Mimi sikusema, nimeambiwa. Kama ni kweli ni upumbavu, lakini upumbavu si kizuizi. Ungekuwa kizuizi, nani angeolewa nchi hii?

Kwa padre siendi. Nestory yuko Isaka, bandari kavu, anashughulika na makontena yake, hana habari, na bado sijamwambia. Nakupa mpaka Jumamosi. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Niambie.

Febronia, Mama Nestory


Katoro,
Ijumaa, 23 Agosti 2024

Mama Nestory,

Shikamoo. Methali yako imenichoma pale pale panapouma. Basi sikiliza.

Nilianza kuosha mchanga wa dhahabu mwaloni, pale machimboni, nikiwa na miaka kumi na minane, sasa nina ishirini na sita. Mawe yakishasagwa kwenye karasha, unga wake tunauosha, tunatia zebaki ishike dhahabu, tunakamua kwa kitambaa, halafu tunachoma mpaka zebaki iishe. Zebaki hiyo nimeishika kwa mikono mitupu, na moshi wake nimeuvuta kama moshi wa kuni. Mwaka jana walikuja watu wa afya na mabango yao. Walisema zebaki inaingia mwilini, inaharibu neva na figo, na mwanamke inamharibia mtoto tumboni. Violeth, ninayeosha naye, alicheka. Mimi sikucheka.

Mwezi wa kumi na mbili uso ukaanza. Kwanza ni joto tu, nikinywa chai au nikikaa juani mashavu yanawaka kama yamekaribia pasi. Halafu vipele, puani na mashavuni, na macho yakawa yanawasha kama yana mchanga. Rangi yangu unaijua, wekundu kwangu hauonekani wazi. Unaonekana weusi mwingine juu ya weusi wangu, kama wa kuungua. Nilinunua tyubu duka la dawa, ikanipoza wiki mbili, halafu ikarudi mara mbili yake. Nikaongeza tyubu nyingine. Huo ndio mkorogo wanaousema.

Mama, hii ni zebaki inatoka. Imenijaa ndani mpaka sasa inatokea usoni. Nestory kila akipiga simu anataja majina ya watoto, ameshafika la nne. Nitaingiaje nyumbani kwako na tumbo la namna hii? Kupima sijapima, naogopa. Daktari akitamka, mlango utakuwa umefungwa kwa kufuli. Sasa hivi umerudishwa tu.

Na kwa kuwa naondoka, nimalize yote. Siku mlipokuja Kagongwa kujitambulisha, Januari, ulikaa mlangoni kivulini, khanga umeibana puani, hukula wala hukugusa chai. Mama yangu mdogo alisema, "Huyo hataki undugu na sisi." Nililia siku ile. Leo najiambia afadhali, maana haitakuuma sana.

Limi


Ushirombo,
Jumapili, 25 Agosti 2024, baada ya misa

Mwanangu Limi,

Keti kwanza.

Mimi zebaki sijawahi kuiona kwa macho. Nimeshika jembe, mwiko na rozari. Lakini uso ulioniandikia ni wangu.

Miaka kumi na saba, Limi. Joto likipanda mashavuni kila nikiinama kwenye moto. Vipele puani, pua yenyewe ikavimba na kung'aa. Macho yakichoma asubuhi. Na kwa kuwa pua ya namna hiyo hapa kijijini wanaijua kuwa ya mtu wa gongo, wakasema Febronia anakunywa, tena anakunywa kwa siri, maana hakuna aliyewahi kuniona na kikombe. Marehemu baba yake Nestory, aliyekuwa akinipenda, usiku mmoja aliinama akaninusa mdomo akidhani nimelala. Sikuwa nimelala. Mwaka ule nikaacha uongozi wa akina mama na kuhamia benchi la nyuma kanisani. Huko nimekaa mpaka leo. Hili sijamwambia mtu yeyote kabla yako.

Siku ile Kagongwa sikunywa chai kwa sababu ilikuwa ya moto, na mchuzi wenu ulikuwa na pilipili, na nikivila hivyo uso unawaka taa. Niwaoneshe wakwe pua ya gongo siku ya kwanza? Nikaona kheri wanione nina maringo. Nawe, nakumbuka vizuri, ulikuja kutunawisha mikono umejipaka poda kama chapati kabla ya kukaangwa, uso umeuelekeza ukutani. Nikasema moyoni, binti huyu anajisikia. Tulijificha wote wawili, halafu kila mmoja akamnunia mwenzake kwa kujificha.

Sasa tufikiri. Kama uso wako ni wa zebaki, wangu ni wa nini? Sisemi zebaki ni maji ya baraka. Umeishika miaka minane na ni lazima ipimwe. Lakini uso usiufanye hukumu ya tumbo lako kabla ya mtu mwenye elimu yake kuangalia.

Tangazo la pili limesomwa leo. La tatu nimemwomba padre alishikilie, nimemwambia naumwa na nataka kwenda Mwanza kutibiwa kwanza. Si uongo. Jumatano nitapanda basi la asubuhi. Nisubiri stendi ya Katoro. Utanitambua, ni mwanamke aliyejifunika khanga mpaka puani. Nami nitakutambua hivyo hivyo.

Febronia


Ushirombo,
Jumamosi, 31 Agosti 2024

Mwanangu Nestory,

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu habari hii ni ndefu na Mageni ana masikio marefu. Tafuta kontena lenye kivuli, ukae, usome.

Mchumba wako alitaka kuvunja ndoa. Usisimame, nimesema kaa. Aliona uso wake umeharibika, akaamini ni zebaki imemjaa mwilini na kwamba hatazaa, akaona heri akuache kuliko kukudanganya. Ndiyo maana kamera ilikufa. Nami nina uso huo huo tangu wewe uko shule ya msingi, na ulidhani mama yako anapenda tu kujitanda khanga. Juzi tumetoka Mwanza, kliniki ya ngozi, sisi wawili.

Daktari ni binti wa rika la Limi. Alituuliza maswali ambayo sijawahi kuulizwa: si "unakunywa nini" bali "uso unawaka ukifanya nini". Nikamtajia moto, jua, chai, pilipili, na hasira. Akachukua kipande cha kioo chenye tone la gundi, akakibandika shavuni, akasubiri, akakibandua. Vivyo hivyo kwa Limi. Akaweka kwenye darubini, akatazama, akatabasamu, akasema, "Mama, njoo umwone mgeni wako."

Nestory, nilichungulia. Kuna wadudu! Warefu kidogo, miguu minane mifupi mbele, mkia nyuma, wanajivuta polepole kama mtu aliyeshiba. Nikaruka. Nikamwambia, daktari, huo ni utitiri kama wa kuku! Akasema ndiyo, ni jamii ya utitiri, lakini huu ni wa binadamu, unaishi ndani ya vinyweleo vya uso, mdogo hata jicho haliuoni. Kisha akaniambia neno lililonikalisha: watu wazima karibu wote wanao. Yeye anao. Wewe unao, usijikune. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, hawakujua kuna kingine hakingoji hata nguo.

Nikauliza, kama wote tunao, mbona mimi ndiye nilikuwa mlevi? Akasema kuna ngozi ambazo utitiri huo unakuwa mwingi mno, na ngozi inagombana nao, inawaka, inatoa vipele. Ugonjwa wenyewe unaitwa rosasia. Akasema kweli kwamba wataalamu bado wanabishana kama utitiri ndio unaouanzisha ugonjwa au ugonjwa ndio unaoukaribisha utitiri, lakini ukiupunguza, wengi wanapata nafuu. Akasema kwa sisi weusi ugonjwa huu hupita bila kujulikana, maana vitabu vingi vimechora mashavu ya wazungu. Zile tyubu za Limi akazitupa kwenye ndoo ya taka mbele yetu. Ndizo zilizokuwa zikimwongezea.

Ametuandikia dawa ya kupaka. Jina lake nililijua, ni la jamii ya ile ya kuua wadudu tunayowadunga ng'ombe! Bujiku kusikia hivyo akasema kwake ana chupa nzima. Ole wake. Daktari ametuonya kwamba ya ng'ombe ni ya ng'ombe, kipimo chake ni kingine, na mtu asijaribu.

Kuhusu zebaki, daktari alisema haina uhusiano na vipele hivi, lakini hakuipuuza. Amechukua mkojo wa Limi ukapimwe, majibu ni baada ya wiki nne. Kwa hiyo furaha yangu imesimama mguu mmoja. Mwandikie mchumba wako. Andika la maana.

Mama yako


Isaka,
Alhamisi, 5 Septemba 2024

Limi wangu,

Mama ameniagiza niandike la maana, na mimi najua kujaza fomu za mizigo tu. Nitajaribu.

Uliposema kamera imekufa, Juni nilinunua simu nyingine nikuletee. Ipo hapa chini ya kitanda, kwenye boksi lake, haijafunguliwa. Sikuileta kwa sababu nilianza kuogopa kwamba kamera ni nzima na ni mimi usiyetaka kuniona. Kumbe kila usiku nalala juu ya simu, na wewe unalala na wazo hilo peke yako. Nimejisikia vibaya sana.

Yale majina ya watoto, Limi, nilikuwa nayataja kwa sababu ulikuwa unanyamaza kwenye simu, na kimya chako kilikuwa kinanitisha. Sikuwa nadai.

Majibu yakiwa mazuri nitakuja. Yakiwa mabaya nitakuja mapema zaidi.

Wako,
Nestory


Katoro,
Ijumaa, 27 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo. Leo nimeandika Mama peke yake, nikaitazama kwanza, ndipo nikaendelea.

Majibu yametoka. Jana nilikwenda Mwanza na Violeth. Daktari alianza kusoma karatasi nami nikawa namtazama midomo. Zebaki ipo, Mama. Lakini ni kidogo, chini ya kiwango wanachokihofia, na kwa kuwa nimeacha kuishika inazidi kutoka yenyewe. Figo zangu ni nzima. Nikamuuliza lile swali. Akasema haoni chochote hapo cha kunizuia kuolewa wala kuzaa, ila nisirudi kwenye zebaki, na nikishika mimba niende kliniki mapema nimwambie mkunga kazi niliyofanya. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba tena, akacheka, akaniandikia kwenye karatasi nije nayo.

Mama, nililia pale kwenye kiti mpaka Violeth akaingia bila kuitwa. Tangu Desemba nilikuwa nimeshajizika. Sasa natembea nasahau, halafu nakumbuka, nasimama barabarani nacheka mwenyewe. Violeth naye hakucheka safari hii, akaomba apimwe.

Uso unakwenda vizuri. Wiki mbili za kwanza baada ya kuacha tyubu zilikuwa za moto, ningekuwa peke yangu ningezirudia. Sasa joto limepungua na macho hayawashi. Daktari anasema hauponi moja kwa moja, unatulia, na ukichokozwa unaamka. Nimemwambia hata mimi niko hivyo.

Mwaloni sirudi. Nimepata kibanda cha kushona sare za shule karibu na soko, chini ya bati lenye dari, hakuna joto. Na jana jioni nilimpigia Nestory simu ya picha. Kamera imefufuka. Alinitazama muda mrefu, nikaanza kuinua mtandio, akasema, "Acha." Basi nikauacha.

Mwambie padre lile la tatu alisome. Wabeja sana, Mama, asante.

Mwanao,
Limi


Ushirombo,
Jumapili, 6 Oktoba 2024

Mwanangu Limi,

Marahaba, mara mia. Barua yako niliisomea jikoni, nikaunguza ugali, na sikujali.

Leo limesomwa la tatu. Nilikwenda mapema nikakaa benchi la kwanza, khanga mabegani. Pua bado ina vipele viwili vitatu na ukubwa wake daktari alisema si wa kuondoka kwa kupaka, lakini haiwaki. Padre alipofika kwenye "anayekijua kizuizi" moyo ulinidunda kama vile ni mimi nitakayepayuka. Padre akafunga daftari.

Tulipotoka nje, Sesilia, yule aliyechukua uongozi wa akina mama baada yangu, alinishika mikono yote miwili na machozi ya kweli machoni. Akasema, "Febronia, Mungu ni mkubwa, umeacha pombe!" Limi, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Halafu kicheko kikaisha, nikaona wamesimama wengi wanasikiliza, na wengi wao ni wale wale wa miaka yote ile. Nikasema kwa sauti, "Sesilia, sijawahi kunywa. Nilikuwa na utitiri usoni ukanizidi. Na wewe unao, kila mmoja hapa anao." Ungewaona walivyojishika mashavu! Sesilia aliomba radhi pale pale. Nimemsamehe, ingawa njiani nililia kidogo. Nilimkumbuka baba yake Nestory, kwamba alikufa bila kujua.

Jioni hii wamekuja wanawake wawili, wamezunguka mpaka mlango wa nyuma, nyuso zimefunikwa. Nimewaambia warudi waingilie wa mbele. Nimewapa viti karibu na dirisha, tumetazamana. Wa kwanza ni chunusi tu, nadhani. Wa pili, namba ya kliniki nimempa, na Jumatano namsindikiza.

Tarehe 19 tutafika Kagongwa mchana kukuchukua. Safari hii sikai mlangoni. Mwambie mama yako mdogo aniandalie chai. Iwe ya vuguvugu.

Mama yako,
Febronia